Noelene Arudisha Gemu Mbovu

Noelene Tregear alikuwa hajawahi kurudisha kitu dukani. Maziwa yakichachuka siku ile ile aliyoyanunua, aliyamwaga kwenye mizizi ya waridi akakaa kimya. Viatu vikimbana alivivaa hivyo hivyo mpaka vikaizoea miguu, au miguu ikavizoea vyenyewe. Enzi za mumewe Merv waliwahi kuletewa jiko jipya ambalo mlango wake wa oveni haufungiki, naye Noelene akalitumia kupikia miaka na miaka, mlango kauegemezea kiti. Merv alikuwa mkulima wa zabibu, mtu mpole wa maneno machache. Siku moja alimwambia kwamba hili jiko si lao kulibeba, ni la waliowauzia. Noelene akamjibu kwamba halimsumbui. Merv hakurudia tena, maana alimjua mkewe.

Hapa kwetu Mildura, Australia, watu walimwona ni mwanamke mkimya na mchapakazi, basi. Msimu wa kuchuma alikuwa shambani tangu alfajiri, akitandaza vichala kwenye chanja za waya vikauke, na jioni ukimkuta anaosha masufuria hutamsikia akilalamikia mgongo. Hakuna aliyejua jinsi alivyokuwa akiogopa. Aliwaogopa watu wenye kaunta mbele yao. Aliwaogopa wenye funguo nyingi kiunoni, na wale wanaokuuliza jina lako hali wameshika kalamu. Akiwa na jambo benki, usiku wa kuamkia siku hiyo hali kitu.

Woga huo aliupata utotoni. Mama yake alikufa, baba hakujulikana aliko, na serikali ikampeleka katika nyumba ya watoto huko kusini kwenye baridi, chini ya mwanamke aliyeitwa Matroni Uttley. Asubuhi moja, akiwa bado na meno ya utoto, Noelene alisema kwa sauti kwamba uji una wadudu. Ulikuwa nao kweli, na watoto wote wa meza ile walikuwa wamewaona. Matroni hakumfokea. Alitabasamu akaondoka. Kesho yake kijiko cha fedha cha chumba cha wageni kikakutwa chini ya godoro la Noelene. Aliyoyapata baada ya hapo hakuwahi kumsimulia mtu, hata Merv. Lakini tangu siku ile alishika sheria moja, na aliishika kuliko Amri Kumi: anayelalamika, kesho yake huamka mwizi.

Merv alipofariki, Noelene aliuza shamba akahamia nyumba ndogo mjini, ukuta kwa ukuta na mjane mwenzake, Concetta Lopresti. Concetta alizaliwa Italia akaja hapa akiwa binti. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na hakuna mchinjaji wala fundi bomba mjini ambaye hajagombana naye. Wakaelewana kwa namna ambayo watu wa aina hiyo hupatana, mmoja anasema na mwingine anamenya viazi.

Kisha kiharusi kikampiga Noelene upande wa kushoto. Akapona mguu, akapona mdomo, lakini vidole vya mkono vikabaki vimelala kama vya mtu mwingine. Binti aliyekuwa akimfanyisha mazoezi hospitalini, baada ya kumkamulisha mipira ya kila aina, akamshauri acheze gemu. Noelene alidhani anataniwa. Binti akamweleza kwamba kile kishikio chenye vitufe kinataka mikono yote miwili, na ubongo hujifunza ukiwa unafurahi. Concetta akatoa kabatini mashine ya gemu ya mwanawe aliyehamia Adelaide, wakaifuta vumbi, wakaiunganisha na televisheni. Gemu aliinunua Noelene mwenyewe, katika duka la michezo la mjini. Alichagua ya kuendesha lori la mizigo kuvuka bara zima, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kujifunza kuendesha hata trekta.

Akaipenda kuliko alivyotarajia. Asubuhi baada ya chai alikaa mbele ya televisheni, amevaa miwani, anapakia machungwa na kuyapeleka mbali, akipita miji isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Vidole vikaanza kuamka. Siku moja alijikuta amefunga vifungo vya blauzi peke yake, akasimama mbele ya kioo akivitazama.

Ndipo akafika darajani. Lilikuwa daraja refu la chuma juu ya mto mpana, na lori lilipofika katikati, picha ikaganda, na televisheni ikatoa ukelele kama msumeno uliokutana na msumari. Noelene alitupa kishikio, akaangalia mlangoni kuona nani anakuja. Alipowasha upya, kila alichokuwa amekipata kimefutika, na lori liko kwenye karakana ya mwanzo, tupu. Akajua amekosea yeye. Akaanza tena taratibu, akaendesha siku kadhaa kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai, na pale pale darajani ukelele ule ukamrukia tena. Mara nyingine lori lilipita nusu ya daraja, mara nyingine halikufika hata kwenye kingo, lakini halikuvuka. Ikawa sasa akikaribia mto mkono wa kushoto, uliokuwa unaamka, unajikunja upya.

Concetta akaja kugonga dirisha. "Noelene, unachinja nani humo ndani?"

Akaonyeshwa. Concetta hakujua lolote kuhusu gemu, lakini kitu kibovu alikijua. Akamwambia airudishe, tena leo hii, na kama anataka atamsindikiza. Noelene alilala na wazo hilo siku mbili, kisha akaenda peke yake, maana alijua Concetta akienda atapiga kelele.

Meneja wa duka aliitwa Damien Voss, kijana wa miaka thelathini hivi, uso wa uchovu, fulana yenye jina la kampuni kifuani. Hakuwa mkorofi. Alimsikiliza Noelene, aliyekuwa akiieleza kaunta badala ya kumweleza yeye, kisha akamwuliza kama plastiki ameshaifungua. Alikuwa ameifungua, angeichezaje bila kuifungua? Damien akamwonyesha kibao kilichobandikwa pembeni ya mashine ya malipo: gemu iliyofunguliwa hairudishwi. Akaongeza kwamba duka halikuitengeneza hiyo gemu, awaandikie waliotengeneza, na hata hivyo wamesema marekebisho yanakuja, asubiri tu. Noelene akaomba radhi. Akaomba radhi mara ya pili, kisha, ili asionekane amemsumbua mtu bure, akanunua pakiti ya betri ambazo hakuwa na pa kuzitia.

"Betri za nini?" akauliza Concetta alipoona.

"Sijui," alisema Noelene, akaziweka mezani.

Siku ya pili Concetta alipiga simu ofisi ya serikali inayoshughulikia haki za wanunuzi, akaweka sauti wazi juu ya meza ya jikoni ili Noelene asikie. Mwanamke wa upande wa pili alieleza polepole, kama mtu aliyeshaeleza hayo mara nyingi. Kitu kikiuzwa katika nchi hii, alisema, kinauzwa pamoja na ahadi ya sheria kwamba kitafanya kazi yake, na ahadi hiyo haiondolewi na kibao cha dukani wala na plastiki kufunguliwa. Aliyeuza ndiye anayewajibika, haruhusiwi kumsukuma mteja kwa mtengenezaji. Na ubovu ukiwa mkubwa, wa aina ambayo mtu angeujua asingenunua, mteja ndiye anayechagua kati ya kupewa nyingine na kurudishiwa pesa. Kisha mwanamke yule akauliza jina la mlalamikaji na anwani yake. Noelene akanyoosha mkono akakata simu.

"Wewe!" alisema Concetta.

"Wanaandika," Noelene akamjibu. "Umesikia? Wanaandika."

Wakaenda dukani wote wawili. Ilikuwa Jumamosi na duka limejaa. Concetta akasema maneno yote ya simu, kwa sauti ile yake, watu wakageuka, na mtu mmoja nyuma akacheka. Damien akawa mwekundu mpaka shingoni. Pengine ingekuwa asubuhi tulivu asingesema alichosema. Alisema kwamba wako watu wananunua gemu nzima, wanakwenda kubadilisha diski nyumbani, wanarudisha mbovu na kudai pesa, na itabidi kwanza waangalie picha za kamera siku bibi huyu alipoingia.

Noelene alimsikia kama mtu anayesikia akiwa ndani ya maji. Concetta akawa anamjibu Damien, akimwuliza kama anamwona huyu mama kuwa ni mwizi, na kila Concetta alipolitamka neno hilo Noelene alizidi kuwa mdogo ndani ya koti lake. Akatoka nje bila kuaga, akashika ukuta mpaka kwenye benchi, akakaa pale huku akivitazama viganja vyake. Nyumbani aliingia chumbani moja kwa moja, akanyanyua godoro lake, akaangalia chini. Alijua hakuna kitu. Aliangalia, akashusha, akanyanyua tena upande wa miguuni.

Jioni alimwambia Concetta kwamba yaishe. Diski ataitupa, mashine aichukue, vidole vimeshapona vya kutosha. Concetta naye, kwa hasira, akasema neno ambalo baadaye lilimkosesha usingizi. "Ukinyamaza sasa, Noelene, watasema kweli uliiba."

Basi si ushujaa uliompeleka Noelene kwenye baraza la madai madogo. Watu walisema hivyo baadaye, wakamsifu, naye hakuzipenda zile sifa kwa kuwa alijua si zake. Kilichompeleka ni hofu. Alikuwa na hofu mbili, na ya nyuma ilikuwa inasukuma kwa nguvu kuliko ya mbele.

Baraza lilikaa katika chumba cha juu cha mahakama, chenye zulia la kijivu na dirisha lisilofunguka. Mwenye kuamua aliitwa Bwana Quilty, mzee mwembamba mwenye mafua. Kampuni ya duka ilimleta mwakilishi kutoka Melbourne, mwanamke nadhifu aliyeitwa Bi Hargreave, na Damien kama shahidi, amevaa tai iliyombana. Concetta aliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti la kunyamaza. Noelene alikuwa amevaa nguo aliyomzikia Merv. Bwana Quilty alipomwomba ataje jina lake kamili huku ameshika kalamu, sauti haikutoka. Mzee akasubiri, akapenga kamasi, akauliza tena kwa upole, na safari hii likatoka.

Bi Hargreave alizungumza vizuri, hakumtukana mtu. Alisema gemu hii imeuzwa kwa maelfu, na kampuni inasikitika kwamba Bi Tregear hakuifurahia, ila kutofurahia si ubovu. Alisema pia kwamba mteja ana ulemavu wa mkono, na huenda kishikio hakikushikwa inavyotakiwa. Noelene akatikisa kichwa kukubali. Hakujua kwa nini alikubali.

Bwana Quilty akasema njia rahisi ni kuiona. Mashine ilikuwa imeletwa, ikaunganishwa na televisheni ya chumba kile, na Noelene akaombwa aendeshe. Alikuwa amejizuia nyumbani asifike darajani tangu wiki iliyopita, lori liko karibu kabisa na mto, ili wenye kazi zao wasingoje. Akashika kishikio. Vidole vya kushoto vilikuwa baridi. Barabara ikaja, nguzo za daraja zikaja, akafumba jicho moja. Katikati ya daraja akasubiri ukelele.

Haukuja. Lori likavuka.

Bi Hargreave akafunga kalamu yake taratibu, akasema, "Naona inafanya kazi." Hata hakusema kwa ubaya. Sasa Noelene ni mwongo, mbele ya mtu wa serikali, katika jengo lenye polisi chini. Alikuwa ameshafungua mdomo aombe radhi, na pengine angeongeza kwamba diski aliibadilisha yeye, maana watu wakiogopa vya kutosha hukiri chochote, lakini Bwana Quilty akamwahi.

"Endelea tu, Bi Tregear. Hatuna haraka."

Akaendelea, kwa kuwa ameamriwa. Ng'ambo ya mto alikuwa hajawahi kufika. Barabara ilipanda, ikaingia kwenye miti mirefu yenye magome meupe, kisha nyika nyekundu ikafunguka mbele yake na kundi la ndege likaruka kutoka kwenye waya. Hata kwa hofu yote ile, jicho lake likawafuata ndege. Mikono ikalegea kidogo. Alipinda kona, akabadilisha gia bila kuangalia vidole, na Concetta nyuma alimwona mabega yakishuka.

Picha ikaganda. Ukelele ukapasua chumba.

Noelene alikuwa chini ya meza kabla mtu hajajua kinachotokea. Amepiga magoti, mikono yote miwili juu ya kichwa, viwiko vimefunika masikio, kama mtoto anayejua pigo linatoka upande gani. Hakulia. Alikaa vile hata baada ya Bwana Quilty kunyanyuka mwenyewe na kuchomoa waya ukutani, na chumba kikawa kimya kabisa. Damien alikuwa amesimama, hajui afanye nini na mikono yake. Concetta akaja, akapiga magoti kwa taabu na unene wake wote, akamwambia kitu kwa Kiitaliano, lugha ambayo Noelene haijui hata neno.

Alipokaa tena kitini na kupewa maji, alishindwa kuinua macho kwa aibu. Bwana Quilty hakumwuliza kitu. Alimgeukia Damien, akamwuliza kama ameshawahi kuona gemu hiyo ikifanya hivyo.

Damien akamtazama Bi Hargreave. Kijana naye alikuwa na kazi, na mtoto mchanga nyumbani, na mtu aliyeketi kando yake ndiye angeandika kuhusu siku hiyo kwa wakubwa. Hofu Noelene aliijua popote ilipo, na aliiona usoni mwa kijana yule kama mtu anayemwona ndugu yake sokoni.

"Ile tuliyoweka dukani watu wajaribie inafanya hivyo hivyo," alisema Damien mwishowe. "Tuliizima mwezi uliopita. Wateja wengine pia wameleta. Tuliambiwa tuwarudishe kwa watengenezaji."

Uamuzi haukuchukua muda. Bwana Quilty alisema gemu inayoganda na kufuta kazi ya mchezaji haijafanya kazi ambayo iliuzwa kuifanya, uwe mkono wake mzima au mgonjwa. Kibao cha kaunta hakina nguvu mbele ya sheria, na marekebisho yanayokuja siku isiyojulikana hayamlazimu mnunuzi kusubiri. Pesa irudishwe. Kuhusu maneno ya kubadilisha diski, hakuona ushahidi wowote, na alitaka hilo liingie kwenye kumbukumbu. Bi Hargreave akakubali, akakusanya karatasi zake, na mlangoni alimpa Noelene mkono.

Mtu mwingine hadithi yake ingekwisha hapo. Concetta alitengeneza keki, akawaita majirani, akaigiza jinsi mwakilishi alivyofunga kalamu. Noelene alikaa pembeni na kipande chake akikikatakata bila kukila. Pesa ilipoingia benki hakufurahi, ilimzidishia woga. Alikuwa amelalamika, tena mbele ya watu, na ameshinda. Yule mtoto wa uji hakushinda, na tazama yaliyompata. Huyu aliyeshinda yatampata yapi?

Akaanza kungoja. Alihamishia kiti chake dirishani, nyuma ya pazia, akawa anaangalia barabara tangu asubuhi. Gari likipunguza mwendo, anashika shingo yake. Simu ikilia, anaiacha ilie. Akienda dukani kununua mkate alishika risiti mkononi wazi, ionekane na kila mtu, mpaka anafika nyumbani. Concetta alimwuliza ana nini, akajibu joto. Joto lilikuwepo kweli, lile la Desemba la hapa kwetu linalopasua vyungu, lakini Concetta hakuwa mjinga. Alimwona anakonda. Akamwambia siku moja, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa na mazoea nayo, kwamba anajuta kwa lile neno alilomwambia. Noelene akampapasa mkono, akarudi dirishani.

Na asubuhi moja ikaja. Gari la polisi liliingia mtaani polepole, likasimama mbele ya lango lake hasa. Noelene hakupiga kelele wala hakukimbia. Kilichomshangaza baadaye ni jinsi alivyotulia, kama mtu aliyechelewa treni kisha akaiona inakuja. Alikwenda chumbani, akatoa mfuko wa safari, akatia nguo ya kulalia, mswaki mpya, pakiti moja ya dawa zake za presha, picha ya Merv na majani ya chai. Akavaa koti la baridi katika joto lile, kwa sababu mahali alipopelekwa mara ya kwanza palikuwa na baridi. Mlango ukagongwa. Akafungua, mfuko mkononi.

Alikuwa polisi mwanamke, kijana, mafuta ya jua yamemganda puani. Alijitambulisha kuwa ni Konstebo Tamsin Okell.

"Niko tayari," alisema Noelene.

Konstebo akautazama mfuko, akalitazama koti. "Tayari kwenda wapi, mama?"

"Mnakonipeleka."

Askari yule angeweza kucheka, na wengi wangecheka. Yeye alizima redio ya begani, akauliza kama anaweza kuketi, akaketi pale pale kwenye ngazi ya mlango, kofia magotini. Noelene akabaki amesimama. Kisha, kwa kuwa aliamini kwamba yote yamekwisha na hakuna tena cha kulinda, akasimulia. Alianza na gemu na daraja, akarudi nyuma kwenye uji, kwenye kijiko, na chumba cha chini ya ngazi alikofungiwa na muda aliokaa humo, na alichofanyiwa alipotolewa. Miaka yote ya ndoa hakulisema hilo, na sasa alimwambia mtoto wa watu aliyekuja na gari. Concetta, aliyetoka mbio alipoona polisi, alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, mkono mdomoni, na safari hii hakuna aliyemwomba anyamaze.

Alipomaliza, konstebo aliweka kofia yake kando kwenye ngazi.

"Bi Noelene, hakuna mtu anayekutafuta," akasema. "Hakuna jina lako popote. Gemu ilikuwa mbovu, ukaidai pesa yako, basi. Na ule uji pia ulikuwa na wadudu."

Noelene akaketi juu ya mfuko wake. Akauliza kama ana hakika. Konstebo akasema ana hakika. Akauliza tena, akajibiwa tena vile vile, bila kuharakishwa.

Baadaye ndipo konstebo alipoeleza kilichomleta. Wezi walikuwa wanavunja mabanda ya mtaa ule mchana kweupe na kubeba vifaa na mabomba ya shaba, na watu wawili walitaja pikapu nyeupe. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna aliyeona chochote.

Pikapu ile Noelene alikuwa ameiona. Wiki zote zile nyuma ya pazia hakuna gari lililopita mtaani asiloliona, na hilo lilikuwa limemtisha kuliko mengine, maana lilipita likarudi, likapita likarudi, naye akaamini limetumwa kwake. Alijua siku zake, alijua lina taa ya nyuma iliyovunjika na mbwa wa kahawia aliyekaa mbele kama abiria. Lakini kusema ni kusema. Concetta kule uzioni akaona midomo ya rafiki yake inatembea bila sauti.

"Mtawaambia kuwa ni mimi niliyesema?"

"Si lazima wajue."

"Wakijua?"

"Wakijua utanipigia mimi," alisema konstebo, "nami nitakuja."

Noelene alivua koti, akalikunja magotini, akaanza kusema juu ya pikapu, akirudia na kujisahihisha, mpaka akamaliza. Pikapu ilipatikana wiki ile ile, na mbwa wake.

Woga haukumwacha, asikudanganye mtu. Mpaka leo akipita karibu na duka la michezo huvuka upande wa pili wa barabara, na mwaka ule mfuko ulibaki umefungwa kando ya kitanda hadi baada ya Krismasi. Halafu siku moja alihitaji mswaki mpya, akakumbuka kwamba kuna mmoja ndani ya ule mfuko, akautoa. Kesho yake akaitoa picha ya Merv.